Ambedkar: Mtoto aliyekatazwa kugusa bomba la shule, akaja kuongoza uandishi wa Katiba ya India

Bomba lilikuwepo shuleni, na maji yalikuwa yanatoka. Lakini Bhimrao hakuruhusiwa kuligusa.

Akishikwa na kiu, ilibidi amsubiri tarishi wa shule aje amfungulie. Tarishi asipokuwepo siku hiyo, basi tena. Anashinda na kiu yake mpaka arudi nyumbani.

Darasani alikaa peke yake juu ya gunia alilotoka nalo kwao. Jioni alilikunja na kuondoka nalo, kwa sababu mfanyakazi wa usafi wa shule hakuwa tayari kuligusa.

Hii ilikuwa Satara, magharibi mwa India, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtoto huyo hakuwa mtundu wala mgonjwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alizaliwa katika jamii ya Wamahar, watu walioitwa wasioguswa.

Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, mtoto huyo huyo alikuwa waziri wa sheria wa kwanza wa nchi hiyo na mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba.

Jina lake kamili ni Bhimrao Ramji Ambedkar. Wafuasi wake wanamwita Babasaheb, jina la heshima kama mtu anavyomwita baba yake.

Kwanza, kasti ni kitu gani?

Ukisema tabaka, wengi wetu tunafikiria tajiri na maskini. Kasti ni kitu kingine. Ni tabaka la kuzaliwa nalo.

Maskini anaweza kupata pesa akatoka kwenye umaskini. Lakini kwenye kasti, uwe na shahada tano au nyumba ya ghorofa, unabaki palepale walipokuwa wazazi wako. Hapo ndipo unapooa, na hapo ndipo unapozikwa au kuchomwa.

Katika mpangilio wa zamani wa Kihindu kuna makundi manne makubwa. Juu wapo Wabrahmin, yaani makuhani na wasomi. Wanafuata Wakshatriya, watawala na wapiganaji. Kisha Wavaishya, wafanyabiashara. Wa mwisho ni Washudra, watu wa kazi za mikono.

Nje kabisa ya makundi hayo waliwekwa wasioguswa. Hao ndio walioachiwa kazi za kuondoa mizoga, kuchuna ngozi, kufagia na kubeba kinyesi. Ilisemekana kwamba ukimgusa mmoja wao umenajisika. Kuna sehemu hata kivuli chake kiliogopwa.

Leo wengi wao wanajiita Wadalit, neno lenye maana ya watu waliopondwa.

Mtoto wa 14

Ambedkar alizaliwa Aprili 14, 1891, kwenye mji wa kambi ya jeshi wa Mhow, katikati ya India. Alikuwa mtoto wa 14 na wa mwisho kwa baba yake, Ramji Sakpal, na mama yake, Bhimabai. Wengi kati ya ndugu zake walifariki wakiwa wadogo.

Baba yake alikuwa askari katika jeshi la India chini ya Waingereza, tena aliwahi kufundisha shule ya jeshi. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na vitabu na kulikuwa na mshahara. Hawakuwa mafukara.

Lakini pesa haikusaidia kitu mbele ya kasti. Dobi alikataa kufua nguo zao ingawa wangeweza kumlipa. Kinyozi naye hakukubali kuwagusa kichwa, kwa hiyo dada yake ndiye aliyekuwa kinyozi wa familia.

Mama yake alifariki Bhimrao akiwa bado mdogo sana.

Safari ya gari la ng'ombe

Mwaka 1901, akiwa na miaka kama 9, yeye na ndugu zake walipanda treni kwenda kumtembelea baba yao, ambaye alikuwa anafanya kazi ya ukeshia mbali na nyumbani. Walivaa nguo mpya na walikuwa na furaha. Barua ya kumtaarifu baba ilitumwa, ila haikumfikia.

Waliposhuka stesheni hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mkuu wa stesheni aliwaona watoto nadhifu, akadhani ni wa Kibrahmin, akawasogelea awasaidie. Akawauliza ni akina nani. Walipojibu kuwa ni Wamahar, sura yake ilibadilika akarudi nyuma.

Wenye magari ya ng'ombe waligoma kuwabeba. Mwishowe mmoja alikubali kwa nauli mara mbili, tena kwa sharti la ajabu: watoto waendeshe wenyewe, yeye atembee kwa miguu pembeni ili asinajisike.

Walikuwa na chakula njiani, lakini hawakuwa na maji. Usiku ulipoingia wakaomba kwenye kituo cha ushuru wa barabara. Hawakupewa. Walilala na njaa, chakula kikiwa mbele yao, kwa sababu hakikumezeka bila maji.

Miaka mingi baadaye aliiandika safari hiyo mwenyewe, akieleza kuwa iliacha alama ambayo haikufutika. Shuleni alishazoea kubaguliwa. Siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba ubaguzi huo utamfuata popote atakapokwenda.

Bombay mpaka New York

Familia ilihamia Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai. Mwaka 1907 alifaulu mtihani wa kumaliza sekondari, jambo ambalo kwa mtoto wa jamii yake lilikuwa habari ya mjini. Wakati huo alishaoa. Mkewe, Ramabai, alikuwa binti mdogo sana, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo.

Mwaka 1912 alipata shahada yake ya kwanza. Mwaka uliofuata mtawala wa Baroda, Sayajirao Gaekwad wa Tatu, alimpa ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Huko Marekani, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemuuliza kasti yake. Alikaa meza moja na wenzake, akanywa maji kutoka bomba lolote. Alisoma uchumi, sosholojia, historia na falsafa. Mmoja wa walimu wake alikuwa mwanafalsafa John Dewey, ambaye mawazo yake kuhusu demokrasia yalimkaa kichwani maisha yake yote.

Mwaka 1916 alivuka kwenda London kusoma uchumi katika London School of Economics na sheria katika Gray's Inn. Kabla hajamaliza, muda wa ufadhili uliisha, ikabidi arudi India mwaka 1917 kulitumikia jimbo lililomsomesha.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea. Vitabu vyake, alivyonunua kwa kujinyima, vilisafirishwa kwa meli nyingine. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani.

Msomi asiye na pa kulala

Alifika Baroda akiwa na elimu ambayo Wahindi wachache sana walikuwa nayo. Kumbe shida ya kwanza ilikuwa kupata kitanda.

Hoteli za Wahindu zisingempokea. Aliingia nyumba ya wageni ya Waparsi, lakini nayo ilikuwa ya Waparsi pekee, kwa hiyo akajiandikisha kwa jina la Kiparsi. Kazini, matarishi walimrushia mafaili mezani ili wasigusane naye.

Siku ya 11, kundi la Waparsi wenye fimbo lilimvamia kwenye nyumba hiyo. Walimtaka aondoke jioni hiyo hiyo. Aliwaomba marafiki wawili wampokee, Mhindu na Mkristo, na kila mmoja akawa na udhuru wake.

Msomi wa Columbia akaishia kukaa bustanini akilia, kisha akapanda treni ya usiku kurudi Bombay.

Tukio hilo lilimfundisha jambo moja kubwa. Ubaguzi wa kasti haukuwa wa Wahindu peke yao. Ulishaenea hata kwa watu wa dini nyingine waliokuwa jirani zao.

Alifundisha chuo, akaweka akiba na kukopa. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la Mooknayak, jina lenye maana ya kiongozi wa wasio na sauti. Mwaka huo huo alirudi London kumalizia masomo, na mwaka 1923 akapata udaktari wa uchumi kwa utafiti kuhusu rupia, fedha ya India. Aliporudi Bombay alikuwa pia wakili.

Siku waliyokunywa maji

Mwaka 1923 Baraza la Kutunga Sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba visima na mabwawa ya umma yawe wazi kwa watu wote. Mji mdogo wa Mahad nao ukatangaza kuwa bwawa lake la Chavdar liko wazi.

Kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Kwa vitendo, ng'ombe walikunywa pale, watu wa dini nyingine walichota pale, lakini Mdalit hakuthubutu kusogea.

Machi 20, 1927, Ambedkar aliongoza maandamano ya maelfu ya watu mpaka kwenye bwawa hilo. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akanywa. Wengine wakafuata.

Ndiyo hivyo tu, maji ya kunywa. Lakini baada ya muda mfupi ulizuka uvumi mjini kwamba sasa wanataka kuingia hekaluni. Wenye kasti za juu waliwavamia waandamanaji kwa fimbo, wakiwamo waliokuwa wamekaa wanakula. Ambedkar aliwazuia watu wake wasilipize.

Kisha bwawa likafanyiwa ibada ya kulitakasa kwa mchanganyiko uliokuwa na mkojo na kinyesi cha ng'ombe. Yaani kinyesi cha ng'ombe kilihesabiwa kuwa kisafi kuliko kiganja cha binadamu.

Desemba 25 mwaka huo walirudi Mahad. Kwa kuwa mahakama ilishaweka zuio la muda, hawakwenda bwawani. Badala yake walichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kinachohalalisha mpangilio wa kasti. Kesi ya bwawa ilichukua miaka 10. Mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Bombay iliamua kwa upande wao.

Mvutano na Gandhi

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, kwa sababu aliyesimama upande wa pili ni Mahatma Gandhi.

Gandhi naye alipinga watu kuitwa wasioguswa. Lakini aliamini kwamba Wahindu wa kasti za juu wabadilike mioyo, na kwamba wasioguswa wabaki ndani ya familia moja ya Kihindu. Ambedkar aliona kuwa mtu anayekanyagwa hawezi kusubiri anayemkanyaga atubu. Alitaka nguvu ya kisiasa.

Kwenye mikutano ya London iliyoanza mwaka 1930 kujadili mustakabali wa India, alidai watu wake wachague wawakilishi wao kwa kura zao wenyewe, bila kutegemea kura za kasti za juu. Agosti 1932, serikali ya Uingereza ilikubali.

Gandhi, akiwa gereza la Yerwada, Pune, alipinga. Alisema hilo litawagawa Wahindu. Septemba 20 alianza mfungo wa kufa na kupona.

Nchi nzima ikamgeukia Ambedkar. Afya ya Gandhi ilizorota kila siku. Kama angefariki, ilikuwa wazi nani angelaumiwa, na ilikuwa wazi pia ni vijiji vya nani vingelipiziwa kisasi.

Septemba 24, 1932, alisaini Mkataba wa Poona. Aliacha madai ya kura za peke yao. Badala yake walitengewa viti 148 kwenye mabaraza ya majimbo, vingi kuliko vile Waingereza walivyotoa, lakini wapiga kura wangekuwa Wahindu wote kwa pamoja.

Maana yake ni kwamba mgombea angekuwa Mdalit, ila kura za kuamua zingekuwa za kasti za juu. Kwa miaka iliyofuata, Ambedkar aliukosoa mkataba huo kwa maneno makali. Mpaka leo watu wanabishana iwapo alishinda au alilazimishwa.

Nyumbani kulikuwa na msiba

Wakati akipambana nje, ndani ya nyumba mambo yalikuwa mazito. Yeye na Ramabai walipata watoto watano. Wanne walifariki wakiwa wadogo, akabaki Yashwant pekee.

Ramabai alilea familia kwenye chumba cha kubana mume akiwa ng'ambo, pesa zikiwa za kuungaunga. Inasimuliwa kwamba alitamani kwenda kuhiji Pandharpur. Mumewe alikataa, kwa sababu huko wangesimama nje ya hekalu wakiangalia kwa mbali. Mei 1935 Ramabai alifariki.

Oktoba mwaka huo huo, kwenye mkutano wa Yeola, Ambedkar alitangaza kwamba alizaliwa Mhindu na hilo hakuwa na uwezo nalo, lakini hatakufa akiwa Mhindu. Kabla ya hapo watu wake walikuwa wamehangaika kwa miaka kadhaa kutaka waruhusiwe kuingia hekalu la Kalaram, mjini Nashik, wakagonga ukuta.

Mwaka 1936 alialikwa Lahore kuhutubia kundi la wanaharakati wa Kihindu waliopinga kasti. Walipoisoma hotuba mapema waliogopa, wakafuta mkutano. Akaichapisha kwa pesa yake. Ndiyo Annihilation of Caste, hotuba inayosomwa mpaka leo ingawa haikuwahi kutolewa. Hoja yake kuu ni kwamba kula pamoja hakutoshi. Kasti haitakufa mpaka watu waoane bila kuangalia ukoo, na mpaka waache kuamini kuwa maandiko ndiyo yanayoagiza kasti.

Aliyetengwa aandika sheria

Kati ya 1942 na 1946 alihudumu kwenye baraza la serikali ya kikoloni akisimamia masuala ya wafanyakazi. Uhuru ulipokuja, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimpa Wizara ya Sheria, ingawa kwa miaka mingi Ambedkar alikuwa mkosoaji mkubwa wa chama cha Congress.

Agosti 29, 1947, Bunge la Katiba liliunda kamati ya rasimu ya watu saba, akawa mwenyekiti. Hakuandika peke yake. Mshauri wa katiba, B.N. Rau, alikuwa ameandaa msingi, na bunge lilijadili kifungu kwa kifungu. Lakini baadhi ya wanakamati walikosekana kwa sababu mbalimbali, na mzigo mkubwa ulimwangukia yeye, tena akiwa anaumwa kisukari.

Katiba ilipitishwa Novemba 26, 1949 ikiwa na ibara 395, ikaanza kazi kikamilifu Januari 26, 1950. Ibara ya 17 ni fupi sana. Inafuta hali ya mtu kuitwa asiyeguswa na kulifanya tendo la kumtenga kwa msingi huo kuwa kosa. Ibara nyingine ziliruhusu nafasi maalumu bungeni na kwenye ajira za serikali.

Siku moja kabla ya kupitishwa, alilionya bunge. Alisema India inaingia kwenye mkanganyiko: kwenye siasa kila mtu ana kura moja yenye thamani sawa, lakini kwenye maisha watu hawako sawa. Hali hiyo ikiachwa, walioumia wataibomoa demokrasia yenyewe.

Alijiuzulu kwa ajili ya haki za wanawake

Vita vyake vya mwisho serikalini vilihusu wanawake. Alipeleka muswada wa kubadili sheria za ndoa, talaka na mirathi za Wahindu, ili mke aweze kudai talaka na binti arithi.

Wahafidhina walikuja juu na muswada ukapigwa danadana. Septemba 1951 alijiuzulu. Sehemu kubwa ya mambo yaliyokuwemo ilipitishwa baadaye, kwenye sheria tofauti za 1955 na 1956.

Mwaka 1952 aligombea ubunge Bombay akashindwa, kisha akashindwa tena kwenye uchaguzi mdogo wa 1954. Mtu aliyeongoza uandishi wa sheria za uchaguzi huru aliingia bungeni kupitia baraza la juu tu, ambalo wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi moja kwa moja.

Nagpur, Oktoba 14, 1956

Ile ahadi ya Yeola ilisubiri miaka 21. Alisoma dini mbalimbali, akaalikwa na viongozi wa dini tofauti, mwishowe akachagua Ubudha, dini iliyozaliwa India na ambayo aliiona haina nafasi ya kasti.

Siku hiyo, mjini Nagpur, yeye na mke wake wa pili, Dkt. Savita, waliingia Ubudha mbele ya mtawa mzee kutoka Burma. Savita alizaliwa Mbrahmin, na walioana mwaka 1948. Kisha Ambedkar akageuka na kuwaapisha waliokusanyika. Walikuwa mamia ya maelfu, wengi wakiwa wamevaa nyeupe. Waliapa viapo 22, vikiwamo kuacha miungu ya zamani na kuwatendea watu wote kama walio sawa.

Haikupita hata miezi miwili. Desemba 6, 1956 alikutwa amefariki usingizini nyumbani kwake Delhi, akiwa na miaka 65. Mwili ulirudishwa Bombay, ukachomwa kwa desturi ya Kibudha ufukweni Dadar, huku umati mkubwa ukijaza barabara.

Amebaki na nini?

Mwaka 1990 India ilimpa Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa ya kiraia, miaka 34 baada ya kifo chake. Sanamu zake, akiwa na suti ya buluu, miwani na kitabu cha Katiba mkononi, zipo mpaka vijijini. Tayari Wadalit wawili wamekuwa marais wa India, K.R. Narayanan na Ram Nath Kovind.

Lakini kazi haijaisha. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 200 wa kasti hizo, karibu mtu mmoja kati ya sita. Kubeba kinyesi kwa mikono kulipigwa marufuku kwa sheria ya 1993, kukapigwa tena marufuku mwaka 2013, na bado wanaume wa Kidalit wanakufa kwa hewa ya sumu ndani ya mashimo ya majitaka. Wapo maharusi wa Kidalit walioshambuliwa kwa sababu tu walipanda farasi siku ya harusi. Wapo vijana waliouawa kwa kumpenda mtu wa kasti ya juu.

Ndiyo maana kila Desemba 6, umati wa watu kutoka vijiji vya mbali hufika Dadar kwa treni na kwa miguu. Wanapanga foleni ndefu kutoa heshima, na wakitoka pale wananunua vitabu vilivyopangwa kwenye vibanda vya pembeni. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliokatazwa kujifunza kusoma.